Ovakloki ilikuwa ya maskini, sasa ni ya matajiri: historia ya prosesa kutoka nyuma ya Ngome ya Yesu

Prosesa ninayoipenda kuliko zote sijawahi kuishika. Inaitwa Celeron 300A. Intel waliitoa Agosti 1998, na mimi wakati huo sijazaliwa hata. Ilikuwa ya megahezi 300, bei yake dola 149. Siku hiyohiyo wakatoa na kubwa lao, Pentium II ya megahezi 450, dola 669. Shikilia hizo bei mbili kichwani, 149 na 669, manake maneno yangu yote ya leo yatazunguka hapo.

Wanangu wa gemu hapa Mombasa tumegawanyika. Kuna wanaotaka kuovakloki, yaani kuilazimisha prosesa ikimbie kupita mwendo iliouziwa. Na kuna sisi tunaoandavolti, tunaopunguza umeme unaoingia kwenye prosesa bila kupunguza mwendo wake, au kwa kupunguza kidogo sana. Wa kwanza wanatuita waoga. Wanasema mtu aliyenunua mashine ya gemu halafu akaibana umeme ni kama aliyenunua pikipiki akaisukuma kwa mguu. Mimi nasema hawajui historia ya kitu chenyewe wanachokisifu. Kwa hivyo leo sitaki kubishana, nataka kusimulia.

Kwanza uelewe prosesa inavyohesabu mwendo. Ina mapigo kama ya moyo. Megahezi 300 ni mapigo milioni 300 kwa sekunde. Lakini hayo mapigo haiyatoi yenyewe kichwani mwake. Madabodi inaipa pigo la msingi, na ndani ya prosesa kuna kizidishi. Celeron 300A ilipewa pigo la msingi la megahezi 66 na ushee, kizidishi chake ni 4.5, ukizidisha unapata 300. Kizidishi Intel walikuwa wamekifunga, hukigusi. Lakini pigo la msingi lilikuwa kwenye madabodi, na madabodi nyingi za wakati ule zilikuwa zinaweza kutoa megahezi 100. Sasa piga hesabu, 100 mara 4.5. Ni 450. Ile kubwa ya dola 669, umeipata kwa 149.

Na siyo ati ilikuwa 450 ya uongo. Celeron hiyo ilikuwa na kashe ya kilobaiti 128 iliyokaa ndani ya prosesa yenyewe na kukimbia kwa mwendo wake kamili. Pentium II ilikuwa na kashe kubwa zaidi, kilobaiti 512, lakini ikienda nusu ya mwendo. Kwenye gemu nyingi zile mbili zikawa zinatoshana nguvu. Vijana wa dunia nzima wakapagawa. Hii ndiyo ovakloki niliyoipenda kwa kusoma, mtoto asiye na hela anachukua kitu cha chini, anakifahamu kuliko aliyekiuza, anakaa meza moja na mtoto wa tajiri.

Mambo haya hata hayakuanzia hapo. IBM PC ya 1981 ilikuwa inakwenda megahezi 4.77. Mwaka 1984 ikaja IBM AT, megahezi 6, na ndani yake kulikuwa na kipande cha fuwele ya kwazi kinachopiga yale mapigo. Watu wakagundua ukikichomoa na kuweka kingine chenye mapigo ya juu zaidi, mashine inakimbia kama kawaida. Duka la vifaa vya elektroniki, shilingi chache, kwisha. IBM walipoona hivyo wakatoa toleo jipya la bayosi ambalo kazi yake mojawapo ilikuwa kupima mwendo mashine inapowaka, na ikikuta umezidisha, inakataa kuendelea. Kwa hivyo mchezo wa mwenye mali kufunga mlango na kijana kutafuta dirisha una zaidi ya miaka 40.

(Kitufe cha Turbo ambacho wakubwa zetu wanakikumbuka kwenye kompyuta za zamani, kazi yake halisi ilikuwa kupunguza mwendo. Gemu za mwanzo ziliandikwa kwa kutegemea ile 4.77, ukiziweka kwenye mashine ya kasi kila kitu kinaruka kama panzi. Unabonyeza, mashine inajifanya mzee. Nacheka kila nikikumbuka.)

Baada ya 1998 milango ikaongezeka. Kufungwa kwa kizidishi kulikuwa na sababu mbili, moja ya haki na moja ya biashara. Ya haki ni kwamba kulikuwa na matapeli wanaochukua prosesa za chini, wanafuta maandishi juu, wanaandika namba kubwa na kuziuza bei ya juu. Ya biashara nimekwisha kuitaja, ni ile tofauti ya 149 na 669. AMD nao wakafunga, lakini kufuli yao ilikuwa ya kuchekesha. Kwenye Athlon na Duron za mwaka 2000, mabano madogo ya shaba juu ya prosesa yalikuwa yamekatwa. Ukichukua penseli ya kawaida ya shule ukapaka kati ya yale mabano, risasi ya penseli inapitisha umeme, kizidishi kinafunguka. Penseli! Hakuna programu, hakuna leseni.

Basi kama ni hivyo, kwa nini leo niko upande wa pili?

Kwa sababu ya ukuta. Mwaka 1974 mhandisi wa IBM anayeitwa Robert Dennard na wenzake waliandika kanuni ambayo kwa miaka 30 ilikuwa kama rehema kwa watengenezaji. Ukipunguza ukubwa wa transista, unaweza kupunguza na volti zake, kwa hivyo unaweka nyingi zaidi mahali palepale, zikimbie zaidi, na joto lisiongezeke. Kila kizazi kinakuja kidogo, chepesi, chenye mbio. Karibu na 2004 ile rehema ikaisha. Transista ziliendelea kupungua lakini volti zikagoma kushuka, umeme ukaanza kuvuja hata kitu kikiwa kimekaa bure. Intel walitoa Pentium 4 iliyoitwa Prescott Februari 2004, na ikapata sifa ya jiko kuliko ya prosesa. Walikuwa wameahidi kufika gigahezi 4. Oktoba mwaka huo wakaifuta ahadi, na mkuu wao Craig Barrett akapiga magoti jukwaani mbele ya wateja kuomba msamaha, nusu utani nusu kweli. Tangu siku hizo ndipo tukaanza kuongezewa viini, viwili, vinne, vinane, badala ya mwendo tu.

Hapa kuna hesabu moja ambayo lazima uijue, na naiandika kwa maneno. Umeme ambao prosesa inakula unapanda sambamba na mwendo, lakini kwa volti unapanda kwa kipeo cha pili. Ukiongeza mwendo kwa asilimia 10 bila kugusa volti, umeme unaongezeka kama asilimia 10. Lakini mwendo wa juu hautulii bila volti za juu. Tuseme umetoka volti 1.25 ukaenda 1.40 ili ile asilimia 10 isimame bila mashine kujizima. Volti zimepanda asilimia 12 tu, ila kwa kipeo cha pili inakuwa kama 25, ukiunganisha na mwendo unafika 38. Asilimia 38 ya umeme na joto, kwa asilimia 10 ya mwendo, ambayo kwenye gemu mara nyingi huioni kwa sababu kinachokuzuia ni kadi ya grafiki. Geuza sasa. Mwendo uleule, umeshuka kutoka volti 1.35 hadi 1.15. Umeme unapungua karibu asilimia 27. Na fremu zako ziko palepale.

Usichanganye hizi volti na zile za ukutani. Kuna mtu aliniambia eti yeye tayari anaandavolti kwa sababu kwao stima ikipungua usiku feni ya dari inazunguka kama imekula ugali wa jana. La. Hiyo ni 240 ya ukutani ikiwa imechoka, na ni hatari kwa vyombo. Prosesa inalishwa volti moja na kitu, baada ya pawa saplai na madabodi kushusha.

Sasa tuje nyumbani.

Mimi naishi Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu. Wareno waliianza 1593, ramani ya Muitaliano Giovanni Battista Cairati, wakamaliza 1596. Kuta zake ni mawe ya matumbawe, nene kupita maelezo. Mtihani rahisi unaoweza kuufanya bure: nenda jioni jua likiwa limezama, weka kiganja ukutani upande uliopigwa na jua. Bado una joto. Jiwe linakunywa joto mchana kutwa na kulitema polepole usiku. Nyumba zetu humu ndani ni za jamaa hiyohiyo, matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko. Boriti haina urefu wa kutosha kuvuka ukumbi mpana, kwa hivyo vyumba vingi vya zamani upana wake ni kama mita 3 au pungufu. Wazee walijua wanachofanya. Njia nyembamba ili nyumba zipeane kivuli, ukuta mnene ili mchana usiingie, madirisha ya mbao yenye vipenyo ili upepo upite na jirani asikuone. Hawakusubiri joto liingie ndiyo walifukuze, walilizuia mlangoni.

Ndani ya chumba kama hicho, weka mashine inayokula wati 300 gemu ikiwa imechanganya. Kila wati inayoingia kwenye kompyuta inatoka kama joto, hakuna inakopotelea. Binadamu aliyekaa kitako anatoa kama wati 100. Kwa hivyo umewaita watu watatu wakakaa nawe chumbani, hawaongei, wanatoa jasho tu, kuanzia saa mbili usiku hadi saa nane. Na ukuta unawanywa wote watatu na kukurudishia alfajiri ukitaka kulala. Nyanya yangu chumba chake kimepakana na changu. Alikuja mlangoni Februari moja, kaskazi imelala kabisa, akaniuliza, "Mwanangu, hicho chombo chako chapika nini humo?" Nikamwambia ni kazi, nyanya. Akasema kazi gani yatoa mvuke.

Na ni kazi kweli. Niliacha chuo, naishi kwa video, mashine hii ndiyo shamba langu. Ikifa, mwezi huo hakuna kodi ya kuchangia nyumbani. Ndiyo maana suala hili kwangu siyo la mbwembwe.

Video unazotazama za kupima prosesa hupigwa kwenye chumba cha nyuzi 21 hivi, mara nyingi AC ikiwaka. Chumba changu mwezi Machi ni 32. Tofauti ya nyuzi 11, na hizo zote zinapanda juu ya prosesa moja kwa moja, kwa sababu feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya hewa inayoivuta. Kwa hivyo yule anakuonyesha nyuzi 84 akisema "iko salama", wewe ukimwiga hapa unagonga 95 na mashine inaanza kujipunguza mwendo yenyewe kujiokoa. Umeovakloki ili uende polepole. Ongeza chumvi ya bahari inayokula vyuma na vumbi linaloganda kwenye hitisinki kwa unyevu, utaelewa kwa nini mafundi wetu hawakosi wateja.

Utaniambia weka AC. Kwanza Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, hutoboi ukuta upendavyo. Pili, unalipia ule umeme mara mbili, mara ya kwanza kuutia kwenye mashine na mara ya pili kuutoa chumbani.

Na stima ina historia yake hapa, wala siyo fupi. Kenya Power wenyewe wanasimulia kwamba Sultani Barghash wa Zanzibar alinunua jenereta mwaka 1875 kuangazia kasri lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akainunua jenereta hiyo na kuileta huku kwa kampuni mpya iliyoitwa Mombasa Electric Power and Lighting. Yaani umeme wa biashara Mombasa ulianza na mashine ya mitumba kutoka Unguja! Sisi na kompyuta zetu za mitumba kutoka maofisi ya Ulaya tuko kwenye mila kabisa. Mwaka 1922 ile ya Mombasa na ya Nairobi zikaunganishwa kuwa East African Power and Lighting, na jina likaja kubadilika hadi kuwa hili tunalolinunulia tokeni. Zaidi ya miaka 100, na bado Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani. Ukipunguza wati 50 kwenye mashine unayoitumia saa 6 kwa siku, kwa mwezi ni yuniti 9. Bei unaijua mwenyewe, angalia risiti ya tokeni yako ya mwisho, zidisha.

Turudi kwa wenye viwanda, manake huko kuna kitu ambacho wengi hawajakitambua. Wakati sisi tunabishana, wao walishaovakloki kwa niaba yetu.

Mwishoni mwa 2008 Intel walileta Turbo Boost kwenye Core i7 za kwanza. Prosesa inajipima yenyewe, ikiona kuna nafasi ya joto na umeme, inapanda. Januari 2011 wakaja na Sandy Bridge, na pigo la msingi lile la kina Celeron likafungwa na mambo mengine yote ya madabodi, ukiligusa sana kila kitu kinayumba. Ukitaka kizidishi kilicho wazi, nunua yenye herufi K, kama i5-2500K, na madabodi ya daraja la juu. Hapo ndipo ovakloki ilipohama mtaa. Siyo tena 149 kuifikia 669. Ni kulipa zaidi ya kawaida ili upewe ruhusa, kisha kulipa tena kwa kipoza cha maji, kisha pawa saplai kubwa. Mwenye Celeron wa leo hana hata mlango wa kubisha.

Na nafasi yenyewe iliyobaki ni kiduchu, kwa sababu kiwanda kimeshaila. Core i9-13900K ya mwishoni mwa 2022 imeruhusiwa na Intel wenyewe kula hadi wati 253. Mapema 2023 wakauza toleo la gigahezi 6 likiwa limetoka boksini. Halafu bili ikaja. Prosesa za kizazi cha 13 na 14 zikaanza kuyumba mikononi mwa watu, gemu zinajifunga, mashine zinajizima. Mwaka 2024 Intel wakakiri kwamba volti zilizopanda kupita kiasi zilikuwa zinazichakaza, Agosti wakatoa sasisho la kuziwekea kikomo, na wakaongeza dhamana miaka 2. Hebu fikiria. Watu wengi hawakuovakloki chochote. Waliinunua ikiwa tayari imesukumwa hadi ukingoni, ili namba kwenye boksi impite mshindani.

AMD nao siyo malaika. Ryzen 7000 walizitoa Septemba 2022 zikiwa zimekusudiwa kupanda hadi nyuzi 95 na kukaa hapo, wakisema ni kawaida. Mwezi Aprili 2023 baadhi ya Ryzen za X3D zikaungua kwenye madabodi zilizokuwa zinazidisha volti za sehemu moja ya prosesa, na AMD wakaweka kikomo cha volti 1.3. Swali langu ni lilelile: nani kaomba?

Kuandavolti nako kuna ukoo wake, mkimya zaidi. Wenye laptopu ndio walioanza, tangu enzi za Pentium M mwaka 2003, wakitaka betri ivute na feni inyamaze. Siri iko kiwandani. Prosesa hazitoki zote sawa, kuna zinazohitaji volti nyingi na zinazohitaji chache, lakini kiwanda hakina muda wa kumshonea kila mmoja nguo yake. Kinakata saizi kubwa inayomtosha hata mnene kuliko wote. Wewe ukiandavolti unapeleka nguo kwa fundi cherehani aibane. Ni bahati nasibu, nikubali, mwenzako anaweza kubana zaidi yako.

Na huku nako walikuja kufunga mlango. Desemba 2019 watafiti wa vyuo vya Birmingham, Graz na Leuven walionyesha shambulio walilolibatiza Plundervolt: ukishusha volti kwa ujanja wakati prosesa inafanya hesabu za siri, inakosea hesabu, na kutokana na makosa hayo unaweza kuvuna siri zenyewe. Intel wakatoa sasisho, na laptopu nyingi zikapoteza uwezo wa kuandavolti usiku mmoja. Hatari ilikuwa ya kweli ila ilihusu zaidi mashine zinazotunza siri kwenye sehemu maalumu ya prosesa, siyo kijana anayecheza GTA. Hakuulizwa mtu.

AMD kwa upande wao, na Ryzen 5000 mwishoni mwa 2020, walileta Curve Optimizer ndani ya bayosi, kila kiini unakipunguzia volti peke yake. Halafu Aprili 2022 ikatoka Ryzen 7 5800X3D. Hii ndiyo Celeron 300A ya zama zetu kwa maana ya kushangaza watu, lakini ilishinda kwa njia ya kinyume. Walirundika kashe juu ya prosesa kama ghorofa, na kwa sababu ghorofa hiyo haivumilii volti kubwa, wakafunga ovakloki kabisa na kushusha mwendo chini ya ndugu yake wa kawaida. Mwendo mdogo, umeme mdogo, na kwenye gemu nyingi ikampita. Kuanzia siku hiyo mtu akiniambia gigahezi ndizo nguvu, namwonyesha hiyo.

Siwachukii waovakloki. Oktoba 2023 kuna jamaa alimwagia heliamu iliyogandishwa hadi kuwa kimiminika juu ya i9 na kupita gigahezi 9. Nimeitazama mara nne. Ni riadha, kama mbio za magari, na kama uko Nyali kwenye chumba chenye AC na baba ndiye ananunua tokeni, endelea, burudika. Ninachokataa ni kumuuzia kijana wa Kibokoni au Majengo hadithi kwamba bila hiyo yeye siyo mcheza gemu. Kuna chumba kimoja cha gemu mitaa ya huku, mwenyewe alikuwa akijisifia mashine zake "zimechunwa hadi mwisho". Kufika Machi nusu ya viti vina karatasi ya "mbovu". Watoto wanalipa shilingi zao wanakaa foleni ya mashine mbili zilizo hai.

Kama unataka kuanza, hivi ndivyo ninavyofanya mimi na Ryzen 5 5600 yangu. Ingia bayosi, tafuta Curve Optimizer, weka viini vyote hasi 10. Kila hatua ni takriban milivolti 3 hadi 5, kwa hivyo ni kidogo. Washa, cheza gemu nzito saa moja, kisha iache usiku mzima ikifanya kazi nyepesi, manake ajabu ya kuandavolti ni kwamba mara nyingi inaanguka ikiwa imepumzika, siyo ikiwa imebanwa. Ikisimama, nenda hasi 15, kisha 20. Ikijizima, rudi hatua mbili nyuma na usijadiliane nayo. Kosa likitokea haliunguzi kitu, mashine inawaka upya tu, ila hifadhi kazi zako kwanza, ikianguka katikati ya kuandika faili unaweza kulipoteza.

Na wenye zile kompyuta za ofisi za mitumba, Dell na HP za i5 zilizofungwa kila kona, hamjaachwa. Nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, upeo wa prosesa ushushe kutoka asilimia 100 hadi 99. Turbo inazimika, volti zinashuka pamoja nayo. Utapoteza mwendo kiasi, ila jaribu mchana wa kaskazi usikilize feni. Kisha futa vumbi na ubadilishe pesti, ile ya kiwandani baada ya miaka 8 imekuwa chokaa.

Yangu kwa sasa imetulia kwenye hasi 20, joto limeshuka nyuzi kadhaa na mwendo haukupungua. Kiini kimoja nimekiacha kwenye hasi 12 kwa sababu ni kikorofi. Ikiingia Machi nitaipima upya, dirisha wazi na feni ya dari imezimwa, na namba zote nitaziweka hapa, za viini vyote sita.